Namna ya kukadiria watu wa kesho kwa R, wakati sensa yako ya mwisho ni ya 1984

Wandugu wa Goma na wengine wote wenye wanafanya kazi na hesabu za watu, hii ni yenu. Uko kwenye zoni ya afya, ao kwenye ONG, ao unaandika memwari ya chuo na profesa amesema "weka projeksio mpaka 2040". Wengi wetu tunachukua hesabu ya mwaka jana, tunazidisha mara 1.03, tunaandika kwenye ripoti, imeisha. Hiyo 3% siyo ya kutupa, ina sababu zake nzuri, lakini kama hujui inatoka wapi na inavunjika wapi, utaagiza chanjo za watoto wenye hawako, ao mbaya zaidi watoto wako na chanjo haiko. Kwa hiyo ninaandika kwa urefu, na ninaomba uandike kila mstari mwenyewe kwenye mashini yako, usisome tu kwa macho, juu mambo haya yanaingia kupitia vidole.

Huhitaji kuwa mwanahesabu. Kama unajua kuzidisha na unaelewa asilimia, utafika.

Mashini kwanza

R ni programu ya bure, walianzisha walimu wawili wa chuo kikuu cha Auckland kule New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo wanademografia wa dunia nzima wanaitumia. Unaweka R kwanza, kiisha unaweka RStudio juu yake, hiyo RStudio ni dirisha lenye linakuonyesha skripti, matokeo na michoro pamoja. Zote mbili hazilipwi. Kama mega ni kidogo, tafuta mwenzako mwenye ameshapakua akupe kwenye flashi, faili la kuinstali ni lile lile na hakuna mtu anakukataza kuligawa. Mashini ya zamani yenye RAM ya giga 4 inatosha kabisa kwa yote yenye nitaonyesha hapa.

Utaona kwenye mafunzo mengi wanakwambia uanze kwa kupakua pakeji kumi. Mimi nasema hapana, usianze hivyo. R tupu, bila pakeji hata moja, inatosha kujifunza projeksio, na tena inakulazimisha uone hesabu yenyewe. Pakeji ukizichukua mapema zinakupa jibu kabla hujaelewa swali. Na msaada uko ndani tayari bila intaneti: ukiandika ?matrix ukurasa wa maelezo unafunguka.

Mambo mawili madogo ya huku kwetu. La kwanza, R inataka nukta, haitaki koma, andika 0.03 usiandike 0,03 vile tulifundishwa shuleni. La pili, andika kazi yako kwenye skripti, sio moja kwa moja kwenye konsoli, na upige Ctrl+S kila mara juu umeme ukienda konsoli inapotea na kazi yako yote.

Hesabu ya kwanza ni ya mistari mitatu

Sensa ya mwisho ya nchi yetu nzima, Kongo (RDC), ilikuwa Julai 1984, ikapata karibu watu milioni 30.7. Tangu hapo hakuna ingine. Umoja wa Mataifa, kwenye makadirio yao ya 2024, wanaweka Kongo kwenye karibu milioni 109 kwa mwaka huo 2024. Sasa tuulize: watu wamekuwa wakiongezeka kwa kasi gani kila mwaka?

p1984 <- 30.7
p2024 <- 109
r <- log(p2024 / p1984) / 40
r

Utapata karibu 0.0317, yaani 3.2% kwa mwaka. Angalia vizuri kwa nini kuna log pale. Mtu asiyejua atachukua tofauti ya milioni 78.3, atagawa kwa 30.7, atagawa kwa miaka 40, atapata 6.4% na atashtuka. Hiyo siyo kasi ya kweli, juu watoto waliozaliwa 1990 nao wameshazaa, ongezeko linazaa ongezeko, na log ndiyo inaliweka hilo sawa. Kiisha andika:

log(2) / r

Inatoka karibu 22. Hiyo ni miaka ya idadi kuwa mara mbili. Mtoto anayezaliwa leo, kabla hajamaliza chuo, atakuta nchi ina watu mara mbili ya wale aliowakuta, kama kasi haibadiliki.

Ila hebu cheza kidogo na ile kasi uone (exp ni kinyume cha log, inarudisha kasi kuwa watu):

p1984 * exp(c(0.028, 0.0317, 0.034) * 40)

Majibu ni karibu 94, 109 na 120. Umebadilisha kasi kwa sehemu ndogo sana ya asilimia, na mwishoni kuna tofauti ya watu milioni 25 kati ya chini na juu. Na ile 109 yenyewe hakuna mtu aliyeihesabu mlango kwa mlango, ni makadirio yaliyojengwa juu ya sensa ya zamani na uchunguzi wa sampuli, kwa mfano ule wa demografia na afya wa 2013-14 wenye ulipata watoto 6.6 kwa kila mwanamke, na ule wa UNICEF unaoitwa MICS wa 2017-18. Ninayaheshimu makadirio hayo, ni kazi ya watu makini, lakini ukiyaandika kwenye ripoti sema ni makadirio.

Kwenda mbele sasa. Umoja wa Mataifa wanaona karibu milioni 218 mwaka 2050. Ukifanya log(218/109)/26 unapata 0.0267, ni chini ya 0.0317 tuliyotoka nayo. Kwa nini wameshusha? Juu wanakadiria kwamba wanawake watazaa watoto wachache kidogo kidogo, vile imetokea karibu kila mahali. Ukiacha kasi ya zamani iendelee mpaka 2050 unafika karibu milioni 248. Hizo milioni 30 za katikati zimetoka kwenye dhana moja tu kuhusu uzazi, na kompyuta haikukusaidia kuichagua.

Data: mitego ya huku kwetu

Faili za Umoja wa Mataifa ziko bure kwenye tovuti ya World Population Prospects, chukua ile ya CSV ya jumla ya watu kwa jinsia, usichukue zote juu zingine ni nzito sana. Baada ya kuisoma kwa read.csv ukaipa jina wpp, chagua nchi kwa namba, usitumie jina. Kongo yetu ni 180, Brazzaville ni 178, na watu wanazichanganya kila siku.

rc <- subset(wpp, LocID == 180 & Variant == "Medium")
plot(rc$Time, rc$PopTotal / 1000, type = "l")

Nimegawa kwa 1000 kwa sababu mule ndani idadi imeandikwa kwa maelfu, kwa hiyo ukigawa unapata milioni. Usipojua hilo utaandika kwamba Kongo ina watu laki moja na kidogo, ao utaongeza sifuri mahali hazifai.

Kama faili ni yako mwenyewe, imetoka kwenye Excel ya Kifaransa ya ofisini, basi ujue CSV yake inatenganisha kwa nukta-mkato na desimali zake ni koma. Ukitumia read.csv ya kawaida kila kitu kinaingia kwenye safu moja na unafikiri faili imeharibika. Tumia read.csv2, imetengenezwa kwa hali hiyo hiyo. Na kama majina ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi yanatoka yamevurugika, ongeza fileEncoding = "latin1" ndani ya mabano, mara nyingi inatengemaa.

Kiisha kuna umri. Ukipita nyumba kwa nyumba na chefu wa avenyi ao nyumba kumi, ukamuuliza mama mzee ana miaka ngapi, atakwambia 50, jirani atasema 45, mwingine 60. Umri wenye kuishia kwa 0 na 5 unajaa kupita kiasi, na siyo uongo wa mtu, ni kwamba hawana karatasi ya kuzaliwa na wanakadiria. Kuna kipimo cha zamani cha hilo, kinaitwa Whipple, na kwenye R ni mistari michache. Tuseme data yako iko kwenye kitu kinaitwa watu na safu inaitwa umri:

k <- watu$umri[watu$umri >= 23 & watu$umri <= 62]
100 * 5 * sum(k %% 5 == 0) / length(k)

Ikitoka karibu na 100, umri umeandikwa vizuri. Ikipita 175 ni mbaya sana, ikifika 500 maana yake kila mtu amesema umri wenye kuishia kwa 0 ao 5. Fanya hii kabla ya kitu kingine chochote, na ikitoka mbaya usitumie mwaka mmoja mmoja, panga watu kwa makundi ya miaka mitano, 0-4, 5-9, na kuendelea, hapo makosa yanapungua ingawa hayaishi yote.

Sasa ndiyo kazi yenyewe: matrisi

Ile kasi ya 3.2% ni jumla tu, haijui nani ni mtoto na nani ni bibi. Lakini mji wenye nusu yake ni watoto hautaenda sawa na mji wenye wazee wengi. Kwa hiyo wanademografia wanafuata watu kwa makundi ya umri. Fikiria shule: kila mwaka wa kwanza wanapanda wanaenda wa pili, wa pili wanaenda wa tatu, wengine wanapotea njiani, na wapya wanaingia darasa la kwanza. Ni hivyo tu. Wazo lenyewe ni la zamani, Edwin Cannan alilitumia Uingereza mwaka 1895, na mwaka 1945 P. H. Leslie akaliandika kwa njia ya matrisi, yaani jedwali la namba, ndiyo sababu mpaka leo inaitwa matrisi ya Leslie.

Tujifunze na mfano mdogo. Hizi namba ni za mazoezi, nimezichagua zifanane na nchi yenye uzazi mkubwa kama yetu, usizichukue kama za kartie yoyote. Tunahesabu wanawake tu, juu wao ndio wanazaa, na tunaweka makundi matatu ya miaka 15: wasichana wa 0-14, wa 15-29, na wa 30-44.

wanawake <- c(450, 270, 160)
M <- matrix(c(0.70, 1.30, 0.55,
              0.90, 0,    0,
              0,    0.94, 0), nrow = 3, byrow = TRUE)
M %*% wanawake

Ile alama %*% inazidisha matrisi na orodha ya wanawake. Soma matrisi mstari kwa mstari. Mstari wa pili: 0.90 maana yake katika wasichana 100 wa 0-14, 90 watakuwa hai miaka 15 mbele na watakuwa kwenye kundi la 15-29. Mstari wa tatu: katika 100 wa 15-29, 94 watafika kundi la 30-44. Mstari wa kwanza ndio wa uzazi: kila mwanamke wa kundi hilo ataacha wasichana wangapi walio hai mwisho wa miaka 15. Wasichana tu, wavulana hatujawaweka. Na kwa nini hata kundi la 0-14 lina 0.70? Juu msichana wa miaka 13 leo atakuwa na 28 mwisho wa hatua, katikati atakuwa amezaa. Hapo watu wengi wanaoanza wanakwama, kaa nayo mpaka ieleweke.

Majibu yanatoka 754, 405 na 253.8. Kutoka wanawake 880 tumefika karibu 1,413 kwa miaka 15. Hakikisha kwa mkono, chukua karatasi: 450 mara 0.70 ni 315, 270 mara 1.30 ni 351, 160 mara 0.55 ni 88, jumla 754. Ukipata namba ingine kabisa, angalia kama umesahau byrow = TRUE. Bila hiyo R inajaza matrisi kwa kushuka safu badala ya kwenda mstari, haikupi kosa lolote, inakupa tu jibu baya kimya kimya, na ndiyo hatari yake.

Ukitaka kwenda hatua tatu, yaani miaka 45:

sasa <- wanawake
for (hatua in 1:3) {
  sasa <- M %*% sasa
  print(round(sasa))
}

Na ukitaka kujua kasi yenye matrisi hii inaelekea yenyewe baada ya muda mrefu:

log(Re(eigen(M)$values[1])) / 15

Inatoka karibu 0.0317, yaani 3.2%, karibu ile ile tuliyopata kwa nchi. Re imewekwa pale kwa sababu R inarudisha namba zenye sehemu ya kufikirika, sisi tunataka ile sehemu ya kawaida tu.

Jambo lenye ningetaka kila kiongozi aelewe

Hapa ndipo mimi binafsi niliamini nguvu ya njia hii. Watu wanasemaka: wanawake wakipunguza kuzaa, idadi itasimama. Tujaribu. Tushushe uzazi siku hiyo hiyo, ghafla, mpaka kila mwanamke ajirudishie msichana mmoja tu. Kwenye mfano wetu ni kuzidisha mstari wa kwanza kwa 0.428:

M2 <- M
M2[1, ] <- M[1, ] * 0.428
sasa <- wanawake
for (hatua in 1:3) {
  sasa <- M2 %*% sasa
  print(sum(sasa))
}

Jumla inaanza kwenye 880, inaenda karibu 981, inapanda tena karibu 1,053, ndipo inarudi karibu 982. Uzazi umeshuka leo, lakini idadi imeendelea kupanda miaka 30, na hata baada ya 45 bado iko juu ya mwanzo. Sababu ni wale wasichana 450 wa kundi la kwanza, wameshazaliwa, watakua, watazaa, hata kama kila mmoja anazaa wachache. Wanademografia wanaita hii mwendo wa kurithi wa idadi. Kwa hiyo mtu akikwambia shule za msingi za Goma za miaka kumi ijayo zinategemea sera ya uzazi ya mwaka huu, umwonyeshe hii: wamama wengi wa watoto hao wameshazaliwa, wako darasani sasa hivi ao wameshamaliza.

Ukishaelewa hii ya makundi matatu, ile ya kweli ni hiyo hiyo tu ila makundi 17 ya miaka mitano mpaka 80 na kuendelea, wanaume na wanawake mbali mbali, na watoto wanagawanywa kwa jinsia wakati wa kuzaliwa, kwetu Afrika kusini ya Sahara wanatumiaka karibu wavulana 103 kwa wasichana 100. Matrisi inakuwa kubwa, mawazo hayabadiliki.

Uhamaji, na hapa Goma siyo mji wa kawaida

Kwenye vitabu uhamaji unakuwaga sura fupi ya mwisho. Kwetu ndiyo sura ya kwanza. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia hapa kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikalipuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, watu wakakimbilia Gisenyi na wengi wakarudi haraka. Tarehe 22 Mei 2021 tena mlipuko, siku chache baadaye wakaamuru kartie nyingi zihame, watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda, na Juni wakaanza kurudi. Kiisha vita, kambi za Kanyaruchinya na Bulengo zikajaa, na mwanzoni mwa 2025 zikaisha ndani ya muda mfupi. Hakuna kasi ya 3% yenye inaweza kuelezea mji kama huu.

Kwenye R kuongeza uhamaji ni rahisi, unaongeza vekta moja, yaani orodha ya namba, ya walioingia kutoa waliotoka:

uhamaji <- c(40, 70, 20)
M %*% (wanawake + uhamaji / 2) + uhamaji / 2

Nusu inaingia mwanzo wa hatua na nusu mwisho, juu wahamiaji wanakuja kidogo kidogo katikati, na wale wenye wamefika mapema nao wanazaa hapa. Ona pia kwamba kundi la 15-29 nimelipa kubwa zaidi. Vijana ndio wanakuja kutafuta kazi na chuo, hiyo ni kawaida ya miji karibu yote. Ila wakimbizi wa vita siyo hivyo, wanakuja familia nzima, wamama na watoto wengi, kwa hiyo usitumie vekta moja kwa aina zote mbili.

Sasa swali gumu: tunaanza na watu wangapi? Ukiuliza Goma ina watu wangapi utasikia milioni moja, utasikia karibu mbili, kutegemea nani anahesabu na kama ameingiza Mugunga, Lac Vert na wale wa kambi. Tufanye hesabu ya miaka kumi:

msingi <- c(chini = 1.0, kati = 1.4, juu = 1.9)
round(msingi * exp(0.03 * 10), 2)
round(1.4 * exp(c(0.025, 0.035) * 10), 2)

Mstari wa kwanza wa majibu unatoka milioni 1.35, 1.89 na 2.56. Wa pili unatoka 1.80 na 1.99. Linganisha: kubishana kama kasi ni 2.5% ao 3.5% kunabadilisha jibu kwa karibu watu laki mbili, lakini kutojua tunaanza wapi kunalibadilisha kwa zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo nguvu yako uiweke kwenye namba ya kuanzia. Tafuta rejista ya biro ya kartie, hesabu ya nyumba, idadi ya watoto waliochanjwa kwenye kampeni, orodha ya wapiga kura. Hakuna hata moja yenye ni sensa, lakini nne zikikaribiana unaanza kupumua. Orodha ya wapiga kura kwa mfano, ile ya 2023 ilifika karibu milioni 44 kwa nchi nzima, inakupa wazo la watu wazima tu, na mtu anaandikishwa mahali alipo siku hiyo, siyo mahali anaishi. Kwa wale wa Bukavu na Lubumbashi mko na bahati kidogo, WorldPop wa chuo kikuu cha Southampton wameshatoa makadirio ya gridi yaliyojengwa kutoka chini, kwa majengo yanayoonekana kwenye setilaiti pamoja na hesabu za sampuli za mitaani, na Sud-Kivu na Haut-Katanga zimo. Yapakueni na muyalinganishe na hesabu za zoni zenu.

Usitoe namba moja

Ukitoa namba moja, mkubwa ataishika kama ukweli. Toa chini, kati na juu. Njia rahisi ni kuifanya R irudie hesabu mara nyingi, kila mara na kasi tofauti kidogo yenye rnorm inachagua kwa bahati nasibu:

set.seed(7)
r <- rnorm(1000, mean = 0.0317, sd = 0.004)
p2040 <- 109 * exp(r * 16)
quantile(p2040, c(0.1, 0.5, 0.9))

Kwa nchi nzima mwaka 2040 utapata karibu milioni 167 chini, 181 kati, 196 juu. set.seed inafanya mwenzako akirudia apate majibu yale yale, usiisahau. Ile 0.004, yaani kiasi kasi inatawanyika, nimeiweka mimi kwa mazoezi, na ndiyo sehemu yenye inaomba kufikiri sana kwenye kazi ya kweli. Umoja wa Mataifa wenyewe wanafanya hivi kwa njia ya juu zaidi, wanatumia kazi ya Adrian Raftery na wenzake wa chuo kikuu cha Washington, na pakeji zao ziko bure kwenye R: bayesTFR kwa uzazi, bayesLife kwa umri wa kuishi, bayesPop kwa kuunganisha yote. Hizo ndizo za kufuata ukishamaliza makundi 17, zinaomba mashini yenye nguvu na uvumilivu, juu zinaweza kutembea masaa.

Kwa Goma hata hiyo haitoshi, vita na volkano haviingii kwenye rnorm. Andika senario kwa maneno kwanza: watu wanarudi vijijini, watu wanabaki, wengine wanaingia. Kila moja ipe vekta yake ya uhamaji na uitembeze peke yake, na kwenye ripoti usichukue wastani wa hizo tatu, juu wastani wa mji uliojaa na mji uliohamwa ni mji wenye hauko.

Kabla ya kupeleka kazi, jijaribu: chukua data ya 1990 mpaka 2010 kutoka rc, tabiri 2020, linganisha na yenye imeandikwa. Ikitofautiana sana, kuna kitu kwenye skripti yako. Ikikubaliana, ujue umethibitisha skripti tu, siyo ukweli, kwa sababu hata ile 2020 ya Kongo ni makadirio.

Kwenye ukurasa wa ripoti, chini kabisa ya jedwali, weka mistari minne: namba ya kuanzia na umeitoa wapi, uzazi uliotumia, uhamaji uliotumia, na tarehe ya kufanya hesabu. Skripti yenyewe iache kwenye folda ya ofisi, na nyingine kwenye flashi, ili mwenye atakuja baada yako abadilishe namba mbili tu na asianze tena kuzidisha mara 1.03.